Enhe Moja, Punje Mbili

Nianze na hili ili tusije tukagombana katikati: mimi si mwongo. Waongo ni Wifi na Fundi. Mimi kazi yangu ni kuitikia. Miaka kumi na minane nimekaa katikati ya watu wawili wasioijua ladha ya ukweli, na ulimi wangu bado ni safi. Ndiyo maana wakaniita Mama Enhe, na jina likanikaa kuliko lile nililopewa na wazazi.

Skimu yetu ya umwagiliaji ina mashamba arobaini, yote yamejipanga kando ya mfereji mmoja. Langu ni namba kumi na tisa. Marehemu mume wangu alikuwa mmoja wa waliouchimba mfereji ule, wakati ambapo wengine walisimama pembeni wakisema maji hayapandi. Alipokufa akaniachia vitu vitatu: shamba, jembe na dada yake. Dada yake ndiye huyo Wifi. Vile viwili vya kwanza vilinifaa tangu siku ya kwanza.

Wifi ana namba ishirini, na anayefuata ni Fundi, namba ishirini na moja. Fundi ni fundi wa baiskeli, mkulima wa asubuhi tu, mchana yuko na tyubu zake. Sisi watatu tunapanda pamoja, kwa sababu maji yakishapita shambani kwako una siku tatu tu kabla udongo haujakaza, na mtu mmoja hamalizi hata akiwa na mikono minne. Kamba yenye mafundo inavutwa toka kichwa cha shamba mpaka mwisho. Wifi anatangulia na jembe, kila fundo shimo. Mimi namfuata na mkebe wa mbegu, kila shimo punje mbili za mahindi. Fundi anakuja nyuma anafukia kwa mguu. Mstari mmoja ni mashimo themanini, na shamba moja ni mistari sitini. Fanya hesabu mwenyewe, mimi mgongo wangu ulishaifanya.

Kazi ile ukiifanya kimya ni kifungo. Ndipo tukaanza uongo, na uongo ukawekewa kanuni kama kitu cha watu wenye akili. Unaanza shimo la kwanza na lazima uishe shimo la themanini, si kabla, si baada. Wenzako hawaruhusiwi kubisha, wanaitikia tu. Na kanuni kuu: mstarini halisemwi neno la kweli. Atakayekamatwa nalo atabeba majembe ya wenzake mpaka nyumbani. Fundi aliyabeba mwaka juzi. Alisimulia kwamba mke wake kamfungia nje, kalala kibandani na baiskeli za wateja, tukacheka mpaka mbegu zikamwagika. Mara mke wake huyo anapita na ndoo, akamuuliza kama shingo imepona.

Sasa Wifi. Wifi hasemi uongo mdogo. Analishika jembe, anapiga fundo la kwanza, anaanza taratibu kama anayekumbuka jambo la kwao.

"Ule mwaka niliokuja kuolewa," anasema, shimo.

"Enhe," naitikia, punje mbili.

"Udongo ulikuwa na rutuba ya kutisha." Shimo.

"Enhe." Punje mbili.

"Nikasahau jembe shambani." Shimo. "Asubuhi nakuta mpini umetoa majani." Shimo. "Nikaupalilia." Shimo. "Ukazaa majembe matatu, mawili makubwa na moja la watoto." Shimo. "Lile la watoto halikuiva vizuri." Shimo. "Ndilo hilo analotumia Fundi."

Fundi naye hakubali kushindwa. Yake ni ya kiangazi. Kiangazi kikali kuliko vyote, anasema, mto ulikuja kwake kuomba maji ya kunywa. Ukabisha hodi. Akauambia ukae nje, usije ukamlowesha sakafu. Mto ukamjibu, kaka, nikuloweshe kwa lipi? Basi akauhurumia, akaupa kikombe. Wiki ya pili ukarudi na watoto.

Ndivyo tunavyopanda. Enhe moja, punje mbili.

Nikaribie kwenye jambo lenyewe. Miaka mitatu nyuma jicho langu la kushoto lilianza kuweka ukungu pembeni. Nikalipuuza. Ukungu ukaja katikati. Nikaenda kwa daktari wa macho, akaniambia ni presha ya macho, tumechelewa, lililoondoka halirudi, tulinde lililobaki. Lililobaki halikulindika. Leo nikikutazama naona kwamba kuna mtu, na kwamba amesimama dhidi ya mwanga. Shimo silioni. Mbegu silioni, na mbegu zile zimepakwa dawa nyekundu, hata kuku anaziona toka mbali.

Sikumwambia mtu. Binti yangu alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyelipia dawa, na neno lake lilikuwa moja: mama, njoo ukae kwangu. Nikakae kwake nifanye nini? Nikae kwenye kochi niwasikilize wakifungua friji? Nikamwambia nitafikiri, na sikufikiri hata kidogo. Katika skimu kuna kanuni moja iliyopigiwa mhuri: mwenye shamba asiyeweza kulima shamba lake analirudisha, linapewa aliye kwenye orodha. Orodha ilikuwa na watu kumi na wawili. Wote najua sauti zao.

Nikapanda misimu miwili nikiwa hivyo, na hakuna aliyejua. Hayo ndiyo niliyoamini. Jembe lilinionyesha upande, na sauti ya Wifi ikanipa mahali penyewe. Akisema kipande cha uongo wake, sauti inatoka juu ya shimo. Naitikia enhe, nasogea hatua moja, nainama hapo hapo sauti ilipotoka, kidole kinagusa ukingo wa shimo, punje mbili. Mguu peku, sikio wazi, basi. Mahindi yakaota yamenyooka, nikajisifu moyoni kwamba nimewaweza.

Msimu huu akaletwa msimamizi mpya. Kijana, buti za mpira, daftari kubwa chini ya kwapa. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ila alikuwa amepewa karatasi inayosema mavuno ya skimu yamepungua, na mtu aliyepewa karatasi lazima atafute wa kulaumu. Siku ya kwanza kafika, kakuta mashamba matatu yanacheka. Akasimama kwenye tuta la mfereji akatangaza: kuanzia leo hakuna hadithi wakati wa kupanda. Mdomo ukifanya kazi mkono unasinzia. Atakayeongea mstarini nitamwandika, na akiandikwa mara tatu zamu yake ya maji inapita.

Fundi akamwita Bwana Kimya palepale, kwa sauti ya chini, na hilo likawa neno la mwisho kusemwa siku ile.

Zamu ya maji si jambo la mzaha, basi tukatii. Tukaanza shamba langu. Kamba ikavutwa, Wifi akapiga jembe, mimi nikafuata. Nawaambia, sikujua kimya kina uzito kiasi kile. Udongo ukishanyweshwa maji ni laini, jembe linaingia bila kishindo, kama kisu kwenye ndizi. Nikatega sikio, sikupata kitu. Nikawa napapasa kwa dole gumba la mguu. Mara nimekanyaga ndani ya shimo, mara nimelipita. Punje nikaziangusha pale nilipodhani. Mara moja nilizidondosha juu ya kisigino cha Wifi, akakiondoa taratibu bila kusema neno. Hapo ningeshtuka, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye shimo linalofuata.

Tulipomaliza mstari wa kumi Bwana Kimya akaja. Nikasikia buti zinasimama, kisha magoti yanalia anapochuchumaa. Akaokota kitu, akaokota tena.

"Hizi ni nini?"

"Mbegu," nikasema.

"Mbona ziko nje ya shimo?"

Wifi akadakia. "Zimetoka kupunga upepo, bwana. Zitarudi."

Hakucheka. Alitembea mstari mzima, kisha wa pili, kisha akarudi. Nilimsikia akihesabu kwa midomo. Fundi nyuma yangu alikuwa amefukia nyingi kwa ncha ya mguu, maskini, lakini hawezi kufukia aibu ya mistari kumi.

"Mama," akasema Bwana Kimya, na sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo lililoniuma. "Kesho saa mbili nitakuja. Utapanda mstari mmoja na kundi lako mbele yangu, kimya, bila kufukia, na nitakagua kila shimo. Punje zikiwa nje kwenye mashimo zaidi ya matano nitaandika kwamba mwenye namba kumi na tisa hawezi tena. Sitaki, lakini nitaandika."

"Andika utakavyo," nikamwambia. Mdomo huo.

Jioni ile kabla jua halijazama tukakaa mferejini kuosha miguu, mimi na Wifi. Fundi alikuwa ameshakwenda kwa baiskeli zake. Wifi alisugua kisigino kile kile nilichokipandia mbegu, akasema, "Wifi, kesho tutafanyaje?"

"Tutafanyaje nini?"

"Macho yako."

Nikageuka, ingawa sikuwa na faida ya kugeuka. "Macho yangu yana nini?"

"Usinichezee. Tangu lini mwongo anapumua kila hatua moja? Mimi zamani nilikuwa namwaga uongo kama maji ya bomba, wewe unaitikia unapopata nafasi. Msimu wa juzi nikakuona unaweka punje pembeni. Nikaanza kuukata uongo wangu vipande, kila shimo kipande. Unajua ilivyo kazi? Uongo mzuri umekatwakatwa mpaka haunogi. Yule mto wa Fundi zamani ulikula mashimo ishirini tu ya mstari, mengine akajaza na uongo mwingine. Siku hizi anauvuta mpaka themanini akipokezana na mimi, anakaribia kulia."

"Fundi naye anajua?"

"Fundi ndiye aliyeniambia."

Nilikasirika. Msidhani nilifurahi, msidhani machozi yalinitoka kwa kupendwa. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Miaka miwili najiona mjanja, kumbe nimebebwa mgongoni kama mtoto, tena na huyu, ambaye siku ya harusi yangu alisema wali hauna chumvi mbele ya wageni wote. Nikamwambia hayo yote. Nikamwambia na mengine ambayo hayahusiani. Akasikiliza mpaka nikaisha.

"Umemaliza?" akasema. "Na ule wali kweli haukuwa na chumvi. Haya, kesho. Nitapiga mguu chini kila shimo."

"Kwenye tope? Nitasikia nini?"

"Nitakohoa."

"Utakohoa mara themanini? Atakuandikia kifua kikuu." Nikavuta pumzi. "Au niende kwa binti yangu, yaishe."

Nikamsikia anakamua upindo wa kanga yake, anakamua tena wakati maji yameshaisha.

"Ukienda kwa binti yako," akasema mwishowe, "mimi uongo wangu nitampa nani? Fundi anaitikia kama mtu anayetafuna." Kisha akasimama. "Shamba lile kalichimbia mfereji kaka yangu. Huendi popote."

"Tutaona," nikamwambia.

"Wewe ndiye wa kusema tutaona?"

Nikacheka, hasira ikiwa bado iko kifuani. Wifi ana ubaya huo, anakuchekesha kabla hujamsamehe.

Asubuhi saa mbili tulikuwa shambani. Kamba imevutwa, mkebe umejaa, vidole vyangu vimeshakuwa vyekundu kwa dawa. Bwana Kimya alisimama pembeni ya mstari, nikasikia daftari linafunguliwa. Watu wa mashamba ya jirani walijifanya wanatengeneza matuta, lakini majembe yao yalikuwa hayapigi kitu.

"Anzeni," akasema. "Kimya."

Wifi akapiga shimo la kwanza. Najua la kwanza liko wapi, kamba imefungwa kwenye kigingi, nilikishika. Punje mbili. Akapiga la pili. Kimya. Tope limemeza jembe. Nilisimama pale na mkebe wangu, mbele yangu kuna kivuli kilichoinama na sijui kimeinama wapi. Nikafikiri juu ya lile kochi. Nikafikiri juu ya wale kumi na wawili. Nikafikiri, Mwenyezi Mungu nisamehe, kwamba maisha yangu yote nimeitikia tu. Mama mkwe kasema, enhe. Mume kasema, enhe. Daktari kasema lililoondoka halirudi, nikasema enhe.

Nikafungua mdomo.

"Palikuwa na mwanamke mmoja mkorofi," nikasema.

Jembe la Wifi likabaki hewani. Nilisikia halishuki. Mimi sijawahi kuanzisha hadithi tangu waniite jina hilo. Bwana Kimya akasema, "Mama."

Jembe likashuka, shimo lile lile la pili. Na kutoka pale pale liliposhuka, juu kabisa ya shimo, Wifi akaitikia.

"Enhe."

Hatua moja. Kidole, ukingo, punje mbili.

"Mwanamke huyo alikuwa na macho mawili."

"Enhe." Shimo la tatu.

"Mama, nimesema kimya. Nitakuandika."

"Niandike, mwanangu," nikamjibu bila kusimama. "Wewe una kalamu, mimi nina mkebe. Kila mtu na chombo chake." Nikasogea. "Macho yale yalikuwa na maringo."

"Enhe."

"La kushoto likasema, mimi nimechoka kutazama wifi ya huyu mama."

"Enhe," akasema Wifi, na nikasikia anavyobana kicheko.

"Likafunga mzigo, likaondoka."

"Enhe." Hii ilikuwa ya Fundi pia, nyuma yangu, na kweli anaitikia kama anayetafuna.

"La kulia likasema, ningoje, utaniachaje na mtu huyu peke yangu?"

"Enhe."

Nikaendelea. Nikawaambia jinsi mwanamke yule alivyobaki na masikio mawili, pua moja na miguu yenye vidole kumi, akaita mkutano. Pua ikasema mimi nitatambua mvua. Vidole vya mguu vikasema sisi tutahesabu mafundo. Masikio yakasema, sisi tupeni mtu wa kuongea, hata awe mwongo. Kwa kila kipande shimo, kwa kila shimo enhe, na mimi nyuma ya enhe kama ndama nyuma ya mama yake. Sikuwa nimepanda vile tangu macho yangu yakiwa mazima.

Karibu na katikati nikasikia enhe imekuwa nzito. Nikatega sikio. Ilitoka shamba namba kumi na nane, ikatoka ng'ambo ya mfereji. Watu waliacha matuta wakasogea, na kila nilipotua walitua, wakaitikia, watu wazima na heshima zao.

"Basi pakaja bwana mmoja aliyependa kimya," nikasema.

"Enhe."

"Alipenda kimya mpaka akamwambia jogoo, usiwike, andika barua."

Hapo hata mimi nilicheka. Nilicheka na mkono ukacheka, nikahisi mbegu imeniponyoka shimoni, sikujua ngapi. Sauti ya kalamu sikuisikia.

"Jogoo akaandika," nikaendelea. "Barua ikafika mchana. Watu wote wakachelewa shambani."

Nilikuwa nahesabu. Mtu ambaye ameitikia miaka kumi na minane anajua themanini iko wapi bila kutazama. Shimo la sabini na saba nikasema, "Mwanamke yule aliambiwa shamba lake wapewe wenye macho." La sabini na nane, "Akasema, wenye macho walisimama pembeni mfereji ulipochimbwa." La sabini na tisa, "Mtajua kama haoni mkikagua mstari wake." Wifi akapiga la mwisho. Mguu wangu ukagusa kigingi.

"Na mwanamke huyo ni mimi," nikasema. "Sioni. Huu ni msimu wa tatu."

Hakuna aliyeitikia. Nikaziweka punje mbili peke yangu, nikasimama nikanyoosha mgongo.

Fundi alikuwa hajafukia hata shimo moja, ndivyo tulivyoambiwa. Bwana Kimya akarudi mwanzo wa mstari akaanza kukagua. Alichukua muda. Hakuna aliyeondoka. Nilisikia buti zikija polepole, hatua, kuinama, hatua, kuinama. Zilipofika katikati zilisimama.

"Shimo la arobaini na moja lina punje tatu."

"Hapo ni pa jogoo," nikasema.

Mtu mmoja akacheka ng'ambo, akanyamazishwa. Buti zikaendelea mpaka zikafika kwangu. Alikuwa anahema kwa sababu ya kuinama kote kule. Kazi nyepesi ile, jamani, jaribuni.

"Nje ya shimo hakuna hata moja," akasema. Akafungua daftari, akalifunga, akalifungua. "Lakini mama, umesema mwenyewe mbele ya watu kwamba huoni. Nimesikia. Niandike nini?"

Fundi akaruka haraka kuliko nilivyowahi kumsikia akiruka. "Bwana msimamizi, wewe mgeni, hujui kanuni ya hapa. Yanayosemwa mstarini yote ni uongo. Mama kasema haoni, basi maana yake anaona. Uliza yeyote."

"Ni uongo," akasema Wifi. "Tena uongo mbovu, hata mwisho wake haunogi."

"Ni uongo," wakasema wa namba kumi na nane.

Mlango ulikuwa wazi, jamani, nilichotakiwa ni kupita. Ningesema enhe moja tu yangekwisha. Shamba ningebaki nalo, na mwakani tungejificha tena, Wifi akikatakata uongo wake, Fundi akisukuma mbegu zangu kwa dole gumba, mimi nikijifanya natazama. Nilichoka palepale. Nilichoka kuliko kwa mashimo elfu.

"Ni kweli," nikasema. "Mimi sijawahi kusema uongo mstarini, na sitaanzia uzeeni. Andika, mwanangu. Andika kwamba namba kumi na tisa haoni. Na chini yake andika kwamba mstari wake umenyooka, mashimo themanini, hakuna punje nje. Yote mawili. Ukiandika moja ukaacha la pili, mwongo ni wewe, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwaambia wakubwa zako."

"Kanuni inasema—"

"Kanuni inasema asiyeweza kulima. Soma vizuri, wewe unayeona. Imesema asiyeona?"

Wifi alinisogelea mpaka bega lake likagusa langu. Kisha nikasikia kalamu. Iliandika muda mrefu.

"Nikusomee?" akauliza.

"Nisomee."

"Namba kumi na tisa. Mwenye shamba haoni. Mstari mmoja umekaguliwa, mashimo themanini. Umenyooka. Hakuna punje nje. Shimo moja lina punje tatu." Akatua. "Shamba linalimwa." Nikasikia karatasi inageuka. "Mama, hapa unaweka sahihi, kwenye huu mstari."

"Mstari huo ni wako, mimi siujui. Wangu ni ule pale chini, nimeshauwekea sahihi."

Nadhani alitabasamu, maana sauti ilibadilika. Akanishika kidole changu chekundu kwa heshima, akaomba ruhusa, nikampa, akakigandamiza kwenye karatasi. Dawa ile ya mbegu haitoki hata kwa sabuni. Kisha akaenda, na kwa mbali nikamsikia akiita namba ishirini na mbili. La hadithi hakulisema tena, si la kukataza wala la kuruhusu, na sisi hatukumuuliza. Tulipanda mpaka mchana, Wifi akisema uongo mrefu, usiokatwa, wa siku nyingi, Fundi akisimama juu ya kila shimo na kuitikia enhe ili nijue lilipo, kisha akirudi nyuma yangu kufukia. Baadaye tulitafuta utaratibu mzuri zaidi. Kazi ni kazi, mtu huirekebisha.

Mkebe ulipoisha Wifi akasema, "Haya, kimebaki kitu kimoja."

"Nini?"

"Mtu kasema kweli mstarini. Tena mbele ya mashahidi."

Fundi akaanza kusema jamani, leo tumsamehe. Nikamkatiza. "Nani kaomba kusamehewa? Leteni."

Wakanipa majembe yote matatu, langu, la Wifi na lile la Fundi ambalo halikuiva vizuri. Nikayapanga begani, mipini mbele. Mazito, sidanganyi. Njia ya kwenda nyumbani inapita juu ya tuta la mfereji, nyembamba, maji upande mmoja na tope upande wa pili. Wifi akatangulia, kisha akarudi akanyoosha mkono anishike.

"Mkono wako kaa nao," nikamwambia. "Wewe ongea."